Hilo la pombe liseme siku ya kwanza, mkuu, usije ukafanya ujinga wangu

Mleta uzi, umeuliza mambo matano kuhusu kikao chako cha kwanza kwa mwanasaikolojia: kama utalazwa kwenye kochi, kikao kinachukua muda gani, uvae nini, uende na mkeo au peke yako, na kama bora ana kwa ana au kwa simu. Sawa. Lakini mimi nimekwama kwenye ule mstari wa mwisho ulioupitisha kimyakimya kana kwamba ni kitu kidogo: "Ila habari za pombe nitakaa nazo kwanza, nitamwambia kikao cha nne au cha tano nikishamzoea."

Aisee. Usithubutu.

Mstari huo nami niliupanga kichwani miaka mitatu iliyopita, karibu neno kwa neno. Ulinila miezi saba, ukanila akiba, na nusura unile na mimi mwenyewe.

Ya kochi nikujibu haraka tuyamalize. Hulazwi. Kochi ni habari za Freud, yule daktari wa zamani aliyewasikiliza wagonjwa wakiwa wamelala, na lake lipo makumbusho London. Wengi siku hizi mnakaa kwenye viti viwili na kuangaliana, na kuna boksi la tishu mezani ambalo utalitazama ukijiambia "mimi hapana", kisha utalimaliza. Muda ni kama dakika 50, wengine 45, wengine saa nzima. Kikao cha kwanza si cha kutibiwa, ni cha kuulizwa: nini kimekuleta, kilianza lini, unalalaje, unakulaje, nyumbani mko vipi, umewahi kutibiwa, unatumia kilevi gani na kiasi gani, umewahi kuwaza kujidhuru. Hilo la mwisho wanamuuliza kila mtu, usidhani umeonekana una sura ya kifo.

Sasa turudi kwenye pombe.

Mimi nilikuwa na rafiki mjuaji. Kila mtu anaye mmoja. Huyu alihudhuria vikao viwili tu maishani, akaacha, lakini ukimsikiliza utadhani aliianzisha yeye hiyo saikolojia. Akaniambia: "Msome kwanza. Akishakuandika mlevi kwenye faili, basi, kila utakachosema utaambiwa ni pombe. Mpe shida ndogondogo, mpime." Nikaona hekima hiyo! Yaani natoa hela yangu, naomba ruhusa kazini, nakaa mbele ya mtu aliyesomea kusikiliza, halafu kazi yangu pale ni kumpima YEYE. Rafiki huyo bado yupo, bado anashauri watu, na sijui kwa nini hakuna sheria ya kuwazuia watu wa namna ile. (Najua kichwa kilikuwa changu na mdomo ulikuwa wangu. Niacheni nimlaumu kidogo.)

Basi nikaingia kwa mwanasaikolojia, mama mmoja. Nikapewa dodoso la sonona, lile la maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, kila swali unajipa 0 hadi 3. Hilo nililijaza vizuri, kwa sababu huzuni ina heshima yake. Likafuata la pombe, la Shirika la Afya Duniani, maswali kumi, jumla yake inafika 40. Ukipata 8 tu wanaanza kukuangalia vizuri. Nikapata 3. Nilikaa nikayapigia hesabu majibu kama mtu anayejaza fomu ya mkopo. Sifuri ingeshtua, nikaona 3 ina ukweli ukweli hivi.

Mama wa watu akaniuliza tena kwa mdomo: "Na pombe?" Nikamjibu, "Kwenye sherehe tu." Mwezi ule nilikuwa nimehudhuria sherehe thelathini, zote sebuleni kwangu, zote mgeni rasmi mimi.

Unaona kilichofuata? Shida niliyompa ni kukosa usingizi na wasiwasi wa asubuhi, moyo kwenda mbio kabla hata sijashuka kitandani. Akaishughulikia kwa bidii. Akanipa daftari la kuandika usingizi wangu: nimelala saa ngapi, nimeamka mara ngapi, mchana nimekunywa chai au kahawa ngapi. Nililijaza lote la wiki nzima nje ya mlango wake, dakika kumi kabla ya kikao, kalamu moja, mwandiko mmoja. Akanipangia saa za kulala na kuamka. Akanifundisha kupumua. Wiki baada ya wiki, bado saa tisa usiku macho makavu.

Kumbe pombe ndivyo inavyofanya. Inakulaza upesi, halafu ikianza kuisha mwilini inauvunja usingizi wa nusu ya pili ya usiku. Na ule wasiwasi wa asubuhi, sehemu kubwa ilikuwa ni mwili unalia kwa sababu kilevi kinatoka. Dalili zote mbili nilizokuwa nalipia zitibiwe zilikuwa zinatoka kwenye chupa ambayo nilikuwa naificha. Miezi minne mama yule alifukuza moshi, na kiberiti kilikuwa mfukoni mwangu. Siku moja akasema kwa upole, "Labda njia ninayotumia haikufai, tuangalie nyingine." Alijilaumu! Na mimi nikatingisha kichwa kama bosi anayesikiliza udhuru wa kijana wa kazi. Ile picha ikinijia hadi leo nafunika uso.

Halafu ikaja balaa yenyewe. Kwa kuwa hakuna kilichobadilika, akanielekeza kwa daktari wa magonjwa ya akili, maana yeye mwanasaikolojia haandiki dawa. Daktari naye akauliza, "Unakunywa?" Nikasema kwenye sherehe. Nilishazoea, uongo ukirudiwa unakuwa wasifu wako. Akaniandikia dawa ya kutuliza, jamii ya benzodiazepini, ya siku chache, na akanionya wazi nisiichanganye na kilevi. Usiku wa tatu nikachanganya. Sikutaka kufa, nieleweke vizuri, nilitaka kulala. Lakini vitu hivyo viwili vyote vinapunguza kasi ya pumzi, na vikikutana kila kimoja kinamsukuma mwenzake. Mdogo wangu alikuwa kwangu kwa bahati tu. Alisikia ninavyokoroma akaona hii si koroma ya mtu. Nikaamka hospitali nina mipira puani.

Methali ya mficha maradhi naijua, msinikumbushe. Nilifundishwa shuleni na kwenye mtihani nikaipata.

Niliporudi kwa yule mama nilikaa dakika ishirini nzima naongelea mambo ya kazini. Kisha nikaitoa siri. Nilitegemea anifokee, au aniandikie barua niende kwingine. Aliweka kalamu chini akasema, "Asante kwa kuniambia. Basi tunaanza leo." Akatoa lile dodoso la maswali kumi. Nikapata 24. Miezi saba ya unafiki, tofauti ya alama 21.

Najua unachoogopa, maana nami nilikiogopa: atamwambia nani? Siku ya kwanza kabisa atakusomea masharti ya siri, na kama hakuyasoma, muulize kabla hujafungua mdomo. Kwa kawaida siri inavunjwa kwa sababu chache: maisha yako au ya mwingine yakiwa hatarini, mtoto akiwa anaumizwa, au mahakama ikiamuru. Kunywa kila usiku sebuleni hakumo humo. Hakufungii mtu milango, hampigii bosi wako. Ukiwa na shaka na sheria za ulipo, uliza papo hapo, swali hilo wameshalizoea.

Na kuna kitu kingine kibaya. Unaweza ukasoma haya ukasema basi naacha leo, nifike nikiwa msafi niseme "nilikuwa nakunywa zamani." Hapana, mkuu! Kama unakunywa kila siku na mikono inatetemeka asubuhi, kuacha ghafla bila daktari kunaweza kukuletea degedege ndani ya siku mbili za mwanzo. Watu wanakufa kwa hilo. Nenda ulivyo, unuke unavyonuka, mimi walinipangia kupunguza chini ya uangalizi.

Halafu hilo la "nikimzoea". Humzoei mtu unayemficha, unazidi kuwa na mengi ya kulinda. Ukiliacha hadi mwisho wa kikao pia haisaidii. Utalitoa dakika ya 48 mkono ukiwa kwenye kitasa, wanalijua sana hilo, na atabaki kukwambia tutaongea wiki ijayo. Wiki ijayo hutatokea. Kwa hiyo kanuni yangu ni moja, nimeilipia ghali nakupa bure: lile unalopanga kuficha ndilo la dakika kumi za kwanza. Mengine yote, utoto, kazi, mama mkwe, yanaweza kusubiri zamu.

Kama hamtapatana, badilisha mtaalamu, ni haki yako, hata baada ya vikao vitatu. Lakini usimhukumu fundi uliyemfichia sehemu inayovuja.

Mdomo ukikataa, andika kwenye simu umpe asome, mimi hata hivyo ndivyo nilivyofanya baada ya zile dakika ishirini. Sentensi tatu: nakunywa nini na kiasi gani, siku ngapi kwa wiki, mara ya mwisho ilikuwa lini. Mbili za kwanza andika leo. Ya tatu iandike ukiwa pale nje unasubiri kuitwa, maana ukiiandika leo mimi na wewe tunajua itakuwa imeshabadilika.