Haifikiki au Inakataa? Kwa Mafundi Mnaoanza Kuunganisha Kompyuta za Nyumbani

Mteja akikupigia simu kutoka Ilazo au Nkuhungu, mitaa ya hapa Dodoma, atakwambia jambo moja tu: "Fundi, kompyuta hazionani." Usiipokee kauli hiyo kama ilivyo. Ndani yake kuna matatizo mawili tofauti, na wadogo zangu mnaoanza kazi hii mnapoteza nusu siku mkitibu moja wakati linalosumbua ni lingine. Kuna kompyuta isiyofikika kabisa, na kuna kompyuta inayofikika lakini inakataa kutoa mafaili. Ya kwanza ni habari ya waya, waifai na anwani, yaani namba inayoitambulisha kila kompyuta kwenye mtandao. Ya pili ni habari ya majina, nenosiri na ruhusa.

Kwa hiyo kabla hujagusa chochote, mwombe mwenye nyumba ajaribu mbele yako, nawe usome ujumbe wa kwenye skrini neno kwa neno. Likitokea dirisha la kuomba jina na nenosiri, au ujumbe kwamba huna ruhusa, hiyo ni habari njema. Rauta (kifaa kinachogawa mtandao nyumbani), waya na faiawoli (ukuta wa ulinzi wa kompyuta) vyote vimeshapitisha mawasiliano, kwa hiyo viache. Lakini kompyuta ikizungukazunguka kisha ikasema njia haikupatikana, anzia chini.

Kuanzia chini ni kuanza na anwani. Kwenye kila kompyuta fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika ipconfig, kisha linganisha. Moja ikisoma 192.168.1.20 na nyingine 192.168.1.35, kwa rauta za nyumbani karibu zote ziko mtandao mmoja. Anwani inayoanza na 169.254 maana yake kompyuta hiyo haikupewa anwani na rauta, ikajipa yenyewe; kagua waya au waifai, folda haina kosa. Na ukikuta moja ni 192.168.1 na nyingine 192.168.0, umefika penye tatizo ninalotaka mlielewe vizuri kuliko yote.

Nyumba nyingi hapa Dodoma zina nyumba kubwa mbele na vyumba uani. Waifai ya sebuleni haipenyi vizuri kuta za tofali za saruji, basi mtu ananunua rauta ya pili na kuchomeka waya unaotoka kwenye ya kwanza katika tundu lililoandikwa WAN, lile la kupokea intaneti kutoka nje. Intaneti inapatikana kote, kila mtu anaridhika. Ila rauta ile ya pili imeshajenga mtandao wake ndani ya mtandao. Kompyuta ya uani huweza kuifikia ya sebuleni ukiandika anwani yake, lakini ya sebuleni haiifikii ya uani, na kwenye orodha ya mtandao hakuna inayoiona nyenzake. Familia itakuambia ni mauzauza, leo inafunguka, kesho haifunguki, kumbe inategemea nani kakaa chumba gani. Rauta ya pili inazuia yanayoingia kutoka nje, na kwake yenyewe sebule ni nje.

Dawa yake ni kuigeuza rauta ya pili iwe ya kusambaza waifai tu. Nyingi zina chaguo hilo, huandikwa Access Point. Kama haina, ipe anwani isiyotumika ndani ya mtandao wa ile ya kwanza, zima DHCP yake ili isigawe anwani, kisha hamisha waya kutoka tundu la WAN uweke kwenye tundu la LAN, yale ya kuunganishia vifaa vya ndani. Fuata mpangilio huo huo. Ukihamisha waya kabla ya kuzima DHCP, rauta mbili zitagawa anwani kwa pamoja na nyumba nzima itayumba. Kagua pia waifai ya wageni: rauta nyingi huitenga na mtandao wa nyumbani kwa makusudi.

Anwani zikishakaa sawa, watu hukimbilia ping, amri ya kuuliza kama kompyuta nyingine inajibu. Itumieni, lakini msiiamini peke yake, maana faiawoli ya Windows inaweza kuizuia hata mtandao ukiwa mzima. Kipimo kizuri zaidi ni kufungua PowerShell, dirisha jingine la amri la Windows, na kuandika Test-NetConnection 192.168.1.20 -Port 445, ukiweka anwani ya kompyuta yenye mafaili. Hiyo 445 ndiyo njia inayotumiwa na Windows kushirikisha mafaili. Jibu likiwa True, njia iko wazi, nenda kwenye ruhusa. Likiwa False, nenda kwenye kompyuta hiyo yenye mafaili utazame kama Windows imeuweka mtandao kwenye Public, yaani mtandao wa watu wote usioaminika. Kwa mtandao mpya mara nyingi ndivyo inavyofanya. Nyumbani badili iwe Private, uhakikishe ushirikishaji wa mafaili umewashwa. Kompyuta ya mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) anayeishi hosteli iacheni kwenye Public akiwa kule. Msizime faiawoli nzima. Najua inafanya mteja aone kazi imekwisha haraka, lakini umemwachia nyumba bila ulinzi na wewe umeshaondoka na pesa yake.

Pengine kompyuta haionekani kwenye orodha, lakini ukiandika \\192.168.1.20 inafunguka. Hapo ushirikishaji ni mzima, kilichougua ni orodha tu. Washa huduma ya Function Discovery Resource Publication kwenye ile isiyoonekana, au mtengenezee mteja njia ya mkato na umalize.

Video nyingi za mafunzo zitawaambia muiwashe SMB1. Msifanye hivyo. Ni toleo la kwanza la itifaki, yaani kanuni za mawasiliano, ambazo Windows hutumia kushirikisha mafaili; ni la miaka ya 1980, na udhaifu wake ndio uliotumiwa na kirusi WannaCry kusambaa duniani Mei 2017. Kuanzia toleo 1709 la Windows 10, mwaka huo huo, Microsoft waliacha kuiweka kama chaguo la kawaida. Video zinazotaja HomeGroup, njia ya zamani ya Windows ya kushirikisha mafaili nyumbani, nazo zimepitwa, iliondolewa mwaka 2018.

Upande wa kukataliwa, kwanza uliza mteja anaingiaje kwenye kompyuta yake. Atasema anaweka namba nne. Hiyo ni PIN, na PIN haifanyi kazi kupitia mtandao. Kinachotakiwa ni nenosiri lenyewe la akaunti, ambalo pengine mzee alishalisahau siku ile ile alipoliweka. Akaunti isiyo na nenosiri nayo Windows huikatalia kuingia kutoka kompyuta nyingine. Njia ninayoipenda ni kufungua akaunti ya ndani, yaani ya kompyuta hiyo pekee, kwenye kompyuta yenye mafaili, uiite labda "familia", uipe nenosiri imara na ruhusa kwa folda moja tu. Kumbuka ruhusa ziko tabaka mbili, ya kushirikisha na ya diski, na yenye masharti makali ndiyo inayoshinda. Kama nenosiri ni sahihi na bado inagoma, futa majina ya zamani yaliyohifadhiwa kwenye Credential Manager, sehemu ya Windows inayotunza majina na nenosiri. Na mteja akisema ilikuwa inafunguka hadi siku Windows 11 iliposasishwa, fikiria toleo 24H2: kwenye Windows ya aina ya Pro halikubali tena kuingia kama mgeni bila nenosiri.

Kuhusu kuipa folda ruhusa ya Everyone (kila mtu) yenye uwezo wote, naomba mnisikilize. Kwenye steshenari za karibu na chuo, kompyuta moja hubeba ripoti za wanafunzi, vyeti vilivyoskaniwa na nakala za vitambulisho. Kwa ruhusa legelege kama hiyo, na pale ushirikishaji usipodai nenosiri, aliyepewa nenosiri la waifai anaweza kusoma mafaili hayo na hata kuyafuta. Wenye karatasi zile hawakuulizwa.

Kabla hujaondoka, ingia kwenye rauta uihifadhie kompyuta yenye mafaili anwani yake, maana umeme ukikatika na kurudi, anwani zinaweza kugawiwa upya. Zuia isilale yenyewe, ikilala haifikiki. Kisha zima vyote, rauta na kompyuta zote, viwashe tena, ujaribu kwa pande zote mbili kufungua faili na kuhifadhi faili. Mwandikie mwenye nyumba anwani na jina la akaunti kwenye karatasi, na nenosiri mpe mkononi, lisibandikwe ukutani.