Maswali ya wasomaji: Njia ndefu, kipande kwa kipande, pamoja na mbwa

SWALI: Natembea njia ndefu ya milimani na mbwa wangu wa miaka mitatu, mwenye kilo 24. Tunatembea siku nne au tano, tunarudi nyumbani, kisha baada ya miezi miwili mitatu tunaendelea pale tulipoishia. Kila safari anaanza kuchechemea siku ya pili. Daktari wa mifugo amempima viungo na hakuona tatizo. Mbona hazoei?

JIBU: Anazoea, ila mkirudi nyumbani mazoea hayo yanapotea. Ngozi ya chini ya nyayo hukomaa kwa kusuguana na mawe na changarawe. Mbwa akikaa wiki kadhaa kwenye sakafu na majani, inalainika tena. Anayeimaliza njia yote kwa mkupuo hupitia maumivu ya mwanzo mara moja tu. Ninyi mnayaanza upya kila kipande. Tatizo ni kwamba wewe bado una nguvu zako, kwa hiyo unapanga siku ya kwanza kana kwamba na yeye hajawahi kupumzika.

Wiki nne hadi sita kabla ya safari, mtembeze kwenye ardhi ngumu yenye kokoto. Anza na kilomita tano, uongeze kidogo kila wiki hadi amudu umbali wa siku moja ya safari. Mkiwa njiani, siku mbili za mwanzo ziwe nusu ya kawaida yenu: kama mnatembea kilomita 20 kwa siku, anzeni na 10.

Kila mnapopumzika, mgeuze nyayo, mpanue vidole na uangalie katikati. Mbwa anayeramba mguu uleule kila mkikaa ameshakuambia. Ukiona sehemu imekuwa ya waridi, ina joto kuliko nyingine, au ukingo wa ngozi umeanza kuinuka, mvalishe viatu hapo hapo, usingoje damu.

Na viatu vyenyewe vina mambo yake. Pima nyayo mbwa akiwa amesimama juu ya karatasi, huku umemwinulia mguu wa pili wa mbele, maana ukikanyaga kwa uzito wote unatanuka. Kiatu kikilegea kinazunguka, kikibana kinachubua ukucha wa pembeni, ule usiogusa ardhi. Mvalishe soksi nyembamba ndani, kung'uta mchanga mara kwa mara, vua vyote usiku ili miguu ikauke, na beba cha akiba, kwani kimoja hakikosi kuzama kwenye tope.

Kama ngozi imeshabanduka, osha kwa maji safi, weka kitambaa cha kidonda kisichonata, funga bandeji bila kukaza, kisha kiatu. Asipokanyaga vizuri baada ya usiku mmoja, acheni njia mtokee barabara iliyo karibu. Kipande hicho kitawasubiri.

SWALI: Je, abebe mzigo wake mwenyewe?

JIBU: Aliyekomaa mifupa, ndiyo. Mbwa wa umbo kubwa wengine huendelea kukua hadi miezi 18 au zaidi, na kabla ya hapo asibebe kitu. Anza na asilimia 10 ya uzito wake; kwa huyu wa kilo 24 ni kilo 2.4, begi likiwemo. Wapo wanaofika asilimia 25, lakini kwa mbwa anayetembea kwa vipande sisi hatungevuka 15. Pima mifuko miwili kwa mizani, isipishane. Uzito ukae juu ya mabega, usiteremke kiunoni. Chakula kikipungua, punguza pande zote mbili. Mvue begi kabla ya kuvuka mto.

Maji ya akiba beba wewe. Mbwa huyu hunywa zaidi ya lita moja kwa siku hata akiwa amelala tu, na akipanda mlima juani huhitaji maradufu. Mlo wake uongeze kwa nusu hivi, uwe kilekile anachokula nyumbani, na mlo mkubwa uwe wa jioni.

SWALI: Nitajuaje kwamba joto limemzidi?

JIBU: Anahema kwa kelele bila kutulia, mate yanakuwa mazito, fizi zinageuka nyekundu iliyoiva, kisha anayumba. Simama kivulini, mvue kila kitu, mmwagie maji mwili mzima na umpepee. Usimfunike kwa taulo lililolowa, kwani linazuia joto kutoka. Kisha mpeleke kwa daktari hata akionekana amepona, maana viungo vya ndani huweza kudhurika taratibu. Dawa zako za maumivu, hasa ibuprofen, usimpe kamwe. Ni sumu kwa mbwa.

SWALI: Ninapangaje vipande?

JIBU: Anza na sheria, si ramani. Njia moja hupita kwenye hifadhi nyingi na kila moja ina masharti yake. Njia ya Appalachian nchini Marekani, yenye kilomita zipatazo 3,500, huruhusu mbwa karibu kote, lakini si ndani ya Great Smoky Mountains wala Baxter State Park, uliko mlima Katahdin inapoishia. Sehemu kama hizo zitenge ziwe vipande vya peke yako, mbwa akibaki kwa mtu unayemwamini.

Vinavyobaki, vikate kwenye barabara ambako gari linafika, visizidi siku tatu bila njia ya kutokea. Kabla ya kuondoka, mpigie dereva atakayewachukua umwambie kwamba kuna mbwa, tena mwenye matope. Wengi hukataa wakishafika, na hapo mtakuwa mmekwama barabarani jioni na mbwa aliyechoka.