Kabla hujaenda kuomba kura mtaani, hesabu kwanza kura za nyumbani kwako

Mwaka ambao binamu yangu aligombea udiwani mi ndo nilikuwa mtu wa kampeni, tisheti ninayo, kofia ninayo, mdomo ndo usiseme. Siku ya kura tukadamka watu wanne toka nyumbani, tumefika kituoni wawili majina hayapo. Kumbe walishahama mtaa zamani na hawakuwahi kuhamisha taarifa zao kwenye daftari la wapiga kura. Mmoja wao mimi. Mwenye tisheti.

Aibu ile ndo ilinikumbusha stori ya Nathdwara, nilipewa na muuza chai mmoja nikiwa nasoma Jaipur, India, nikacheka sana nikidhani ni ya wenzetu tu. Kule jimbo la Rajasthan lina bunge lake lenye viti 200 na Nathdwara ni kiti kimojawapo, mji wa hekalu maarufu la Shrinathji, wilaya ya Rajsamand. Uchaguzi wa Desemba 2008 C. P. Joshi ndo alikuwa mwenyekiti wa chama cha Congress Rajasthan nzima, na anatajwa kabisa kuwa waziri kiongozi, yaani mkuu wa serikali ya jimbo. Yule mzee wa chai akawa ananihesabia kwa vidole, mpinzani wake Kalyan Singh Chauhan wa chama cha BJP 62,216, Joshi 62,215. Kura moja jamani! Chama cha Joshi kikaunda serikali, uwaziri kiongozi akapewa Ashok Gehlot, na magazeti yakaandika weee kwamba mke wa Joshi hakupiga kura, siku hiyo alienda hekaluni.

Na usidhani ni bahati mbaya ya mara moja. Karnataka, jimbo jingine la India, mwaka 2004, kiti cha Santhemarahalli, A. R. Krishnamurthy alipata 40,751 na R. Dhruvanarayana 40,752, na inasimuliwa kwamba dereva wa huyo aliyeshindwa alikosa nafasi ya kwenda kupiga kura sababu alikuwa kazini, anamwendesha bosi wake.

Sasa we unayemsaidia ndugu yako kugombea, nisikilize. Mabango yatakuja tu, hayo yana watu wake. We anza na daftari la shule, andika kila anayelala kwenye nyumba za ukoo, dereva, dada wa kazi, shamba boi, vijana wa bodaboda mnaowatuma, halafu mbele ya kila jina andika kajiandikisha wapi na kadi iko wapi. Usiulize "umejiandikisha?" maana kila mtu atakwambia ndio, mwambie akuletee kadi uione kwa macho. Na ufanye hivyo mapema, zoezi la kuboresha daftari likiwa bado linaendelea, likishafungwa hata ulie hakuna wa kukusaidia. Siku yenyewe peleka wa nyumbani asubuhi kabla hujaanza kubeba wazee wa watu, na dereva mwachie saa yake akapige, gari litasubiri.

Joshi alirudi akashinda Nathdwara 2018 akawa Spika, 2023 akapigwa tena kwa kura 7,504. Hiyo angalau ni tofauti ambayo mtu unalala. Ya kura moja sijui unalalaje na mwenzio humo ndani.

Sisi msimu uliofuata tulikaa sebuleni kila mtu na kadi yake mezani. Ilikosekana ya mama mkubwa tu, tukaja kuikuta ndani ya kopo la majani ya chai.