Dar hadi Nairobi: kilomita ngapi, na muda gani angani?

SWALI: Napanda ndege kwenda Nairobi kwa mara ya kwanza. Ramani ya simu inanipa kilomita zaidi ya 900, kwingine nimeona 670. Ipi ni kweli? Na mbona tiketi inaonyesha saa moja na dakika 25, ilhali waliokwisha kwenda wanasema angani hufiki hata saa moja na robo?
Msomaji, Mbagala, Dar es Salaam

JIBU: Zote ni kweli. Hiyo 900 ni ya barabara: Chalinze, Segera, Same, Moshi, Arusha, unavuka Namanga ndipo unaingia Kajiado. Lami inaizunguka milima ya Usambara na Upare. Ndege haina haja hiyo. Kutoka uwanja wa Julius Nyerere hadi Jomo Kenyatta kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 668, sawa na maili za anga 360.

Kuhusu muda, tiketi huhesabu tangu ndege inapoondoka kwenye maegesho ya Dar hadi inaposimama kwenye maegesho ya Nairobi. Jeti ikishatulia juu hukata kama kilomita 800 kwa saa, kwa hiyo safari nzima ingekuwa dakika 50. Lakini kupaa na kushuka ni kwa mwendo mdogo, na kuna kutambaa ardhini na kungoja zamu ya kuruka au kutua. Ukipangiwa pangaboi, ongeza kama nusu saa.

Linaloachisha watu ndege hasa ni kusoma saa. Tiketi hutumia saa 24: 07:00 ni saa moja asubuhi, siyo saa saba. Hatari zaidi ni saa za usiku wa manane. Ikiandikwa Jumamosi 00:40, huo ni usiku wa kuamkia Jumamosi, kwa hiyo uwe uwanjani muda wa saa tatu kabla, yaani Ijumaa saa tatu na dakika 40 usiku. Ukijiandaa Jumamosi jioni, ndege imeondoka karibu siku nzima iliyopita. Tunakusihi, chukua kalamu uandike saa ya Kiswahili pembeni mwa tiketi.

Huo muda wa saa tatu kabla ya safari usiupunguze. Safari za nje huondokea Jengo la Tatu, na kaunta ya mizigo kwa kawaida hufungwa saa moja kabla ya ndege kuruka. Foleni ya Barabara ya Nyerere nayo ihesabie muda wake.

Dar na Nairobi saa ni moja. Angekuwa anakwenda Kigali, mtu angeona anaondoka 10:00 na kufika 10:50 akadhani ni dakika 50. Kule wako nyuma saa moja, safari ni saa moja na dakika 50.

Usisahau kadi ya njano, yaani cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Huulizwa zaidi wakati wa kurudi, kwa kuwa Kenya imo katika orodha ya nchi zenye hatari ya homa ya manjano. Chanjo huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchomwa, hivyo nenda mapema.

Kiti? Kwenda, omba dirisha la kushoto, herufi A. Kurudi, la kulia. Njia hupita mashariki ya Kilimanjaro, kama kilomita 30 hivi, na asubuhi mapema mara nyingi kilele cha Kibo huwa hakijafunikwa na mawingu.