Jibu: Wakili, mshawishi na mchambuzi wa runinga, vyote kwa mtu mmoja?

Mkuu, umeuliza kama mtu mmoja anaweza kuwa wakili wa wanasiasa, mshawishi wa kulipwa (anayelipwa kuwasukuma viongozi wafanye anachotaka mteja) na bado akaitwa kwenye runinga kama mchambuzi. Marekani inawezekana kabisa. Mtazame Lanny Davis: alisoma sheria Yale, akawa mshauri maalumu wa kisheria Ikulu ya Rais Clinton, 1996 hadi 1998, kazi kubwa ikiwa kuwajibu waandishi wakati wa kashfa. Sura ikazoeleka, wateja wakamfuata.

Kilichoniuma mimi ni Desemba 2010. Rais Laurent Gbagbo amegoma kutoka madarakani Ivory Coast, watu wanauawa, na Davis anaichukua serikali hiyo kwa dola 100,000 kwa mwezi! Kabla mwezi haujaisha akajitoa, akieleza kwamba Gbagbo alikataa hata kupokea simu ya Obama.

Malipo tuliyajuaje? Sheria ya Marekani ya mwaka 1938, iitwayo FARA, inamlazimu anayeifanyia serikali ya nje kazi ya kisiasa kujisajili Wizara ya Sheria na kuanika mkataba wake. Majalada hayo yako mtandaoni, bure. Ukimwona mchambuzi anaitetea serikali fulani kwa jasho, litafute jina lake humo kwanza.