Maswali ya Wasomaji: Spika na Redio katika Gari la Spoti la Zamani

SWALI: Ndugu Mhariri, ninamiliki Mazda MX-5 ya mwaka 1992 yenye paa la turubai. Redio yake ya kaseti ingali nzima, lakini spika za milangoni zimeanza kukoroma, na ninapoendesha kwa kasi paa likiwa wazi sisikii maneno ya wimbo, isipokuwa mtikisiko wa mlango. Fundi amenishauri ninunue redio mpya iliyoandikwa wati 50 kwa kila spika, akidai kuwa tatizo litakwisha. Je, ushauri huo ni sahihi? Ningependa pia kazi ifanyike bila kukata wala kutoboa kitu, ili gari libaki na uasili wake.

JIBU: Ndugu msomaji, redio ndiyo ningeibadilisha mwisho, kama ningeibadilisha kabisa. Hizo wati 50 hutokana na hesabu nyepesi: volti 14.4 ambazo gari hutoa injini ikiwaka, zikizidishwa kwa zenyewe kisha kugawanywa kwa ohm 4 za ukinzani wa spika, huleta takriban wati 52. Lakini hiyo ni nguvu ya redio iliyosukumwa hadi vilele vya mawimbi ya sauti vimekatika, hali ambayo sikio huisikia kama mkwaruzo. Kwa sauti safi, umeme huohuo hauwezi kuzidi wati 26 hata kinadharia, na baada ya upotevu wa ndani hubaki wati 20 hivi. Redio yoyote inayotegemea amplifaya (kikuza sauti) yake ya ndani ya kawaida imefungwa na mpaka huo, iwe ya bei ndogo au kubwa.

Kwa sababu hiyo, unaponunua spika usitazame wati inazoweza kustahimili, bali desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) inazotoa kwa wati 1. Spika ya desibeli 92 huhitaji nusu tu ya nguvu inayohitajiwa na spika ya desibeli 89 ili zifikie sauti ileile, na tofauti hiyo ya desibeli 3 hukusaidia kuliko namba zote zilizochapishwa kwenye uso wa redio. Kabla ya kununua, fungua kwanza ubao wa mlango uitazame spika iliyopo. Mkoromo wa spika za umri huu mara nyingi hutokana na ukingo laini unaoizunguka koni (sehemu ya spika inayotetemeka), ambao hukauka na kupasuka, au na skrubu zilizolegea. Gari lako huchukua spika za sentimita 16.5, lakini upana pekee hautoshi: teremsha kioo hadi chini kabisa, kisha pima kina kati ya bati na kioo, kwa kuwa sumaku ya spika mpya inaweza kukigusa. Koni ya plastiki inafaa kuliko ya karatasi katika gari ambalo paa lake linaweza kukutwa wazi na mvua.

Baada ya hapo shughulikia mlango wenyewe, ambao mafundi wengi huupita haraka kwa sababu kazi yake haionekani. Spika husukuma hewa mbele na nyuma kwa wakati mmoja, na mawimbi ya nyuma yanapopenya kwenye matundu makubwa ya bati na kukutana na yale ya mbele, besi, yaani sauti nzito, hujifuta yenyewe. Ndiyo maana unahisi mtikisiko bila kusikia muziki. Bandika shuka za mpira wa butili zenye karatasi ya alumini kwenye upande wa ndani wa bati la nje la mlango, weka gasketi ya sponji kati ya spika na mlango, na uzibe matundu makubwa kwa namna itakayomruhusu fundi kuyafungua siku kioo kitakapoharibika. Usizibe matundu madogo ya chini yanayotoa maji, wala usiitupe karatasi ya nailoni inayozuia unyevu. Hakuna kilichokatwa katika kazi hii, na kwa maoni yangu faida yake hushinda ile ya redio mpya.

Kuhusu paa lililo wazi, upepo na matairi hufunika zaidi sauti nzito, kwa hiyo kuzilazimisha spika za mlangoni zitoe besi kubwa ni kupoteza nguvu. Ziwekee kichujio kinachokata sauti nzito zilizo chini ya hezi 80, na nguvu iliyookolewa itaingia kwenye sauti za waimbaji. Kama gari lako lina zile spika ndogo za kwenye vilalio vya kichwa, ambazo baadhi ya MX-5 za kizazi cha kwanza zilitoka nazo kiwandani, zitunze, kwa sababu hakuna spika nyingine iliyo karibu na sikio kiasi hicho.

Ukihitaji nguvu zaidi, ongeza amplifaya ndogo inayopokea mawimbi kutoka nyaya za spika za redio ya zamani, ili kaseti yako ibaki mahali pake. Betri ya gari hili iko kwenye buti, hivyo waya wa umeme utakuwa mfupi. Weka fyuzi karibu na betri, isizidi sentimita 45, na uiinue amplifaya juu ya sakafu, maana buti la gari la turubai huweza kuingia maji. Tumia plagi za kuunganishia badala ya kukata nyaya za kiwandani, na upime kila waya kwa mita ya umeme, kwa kuwa rangi haziaminiki katika gari lililopita mikononi mwa wamiliki wengi.

SWALI: Tangu nifungiwe amplifaya, spika hutoa mluzi unaopanda na kushuka kulingana na mwendo wa injini. Nifanyeje?

JIBU: Huo ni mluzi wa alteneta, yaani jenereta inayozungushwa na injini. Kwangua rangi mahali waya wa ethi (unaounganisha amplifaya na bodi la gari) unapofungwa hadi bati lionekane, ufupishe waya huo, na upitishe nyaya za sauti upande ulio mbali na waya wa umeme. Kisha punguza kitufe cha unyeti (gain) cha amplifaya, ambacho watu hukidhania kuwa cha sauti na kukizungusha hadi mwisho.

SWALI: Nina Chevrolet Corvette ya miaka ya 1980 yenye mfumo wa Bose wa kiwandani. Je, redio ya kisasa inaweza kuunganishwa moja kwa moja?

JIBU: Hapana. Katika mfumo huo kila spika ina amplifaya yake, hivyo inatarajia mawimbi dhaifu, si nguvu ya redio ya kawaida. Tafuta adapta iliyotengenezwa kwa mfumo huo, au ubadilishe spika zote pamoja na kupitisha nyaya mpya; kubadilisha spika moja moja kutakuachia gari lenye mifumo miwili isiyoelewana.