Maswali ya Wasomaji: Confucius, Wazazi na Matambiko

SWALI: Mwanangu anajifunza Kichina Nairobi katika taasisi yenye jina la Confucius. Je, huyu alikuwa mtume au mwalimu tu, na mafundisho yake ni dini? (Msomaji, Thika)

JIBU: Alikuwa mwalimu, wala hakudai kuwa zaidi ya hapo. Alizaliwa mwaka 551 K.K. katika dola ya Lu, ambayo leo ni sehemu ya mkoa wa Shandong nchini China, akafariki mwaka 479 K.K. baada ya kuzunguka miaka mingi kwa watawala mbalimbali akitafuta atakayekubali kutawala kwa uadilifu. Ukonfusio hauna nabii wala hauwaahidi wafuasi wake pepo. Mwanafunzi wake Zilu alipomuuliza jinsi ya kuihudumia mizimu, alijibiwa kwamba asiyeweza bado kuwahudumia watu hawezi kuihudumia mizimu. Alipouliza kuhusu kifo, akaambiwa kwamba asiyeyajua maisha hatakijua kifo. Hata hivyo, mwalimu huyo huyo aliitaja Mbingu, yaani nguvu kuu inayouongoza ulimwengu, kwa unyenyekevu mkubwa, na katika hekalu lake la Qufu, mji wa kwao, hufanyika ibada za heshima hadi leo. Anayeuita Ukonfusio falsafa tupu anasahau hekalu. Anayeuita dini kama nyingine anasahau jibu alilopewa Zilu.

SWALI: Nimesoma kwamba msingi wake ni fadhila tano. Mbona basi Wakonfusio wanajulikana zaidi kwa taratibu za misiba na kuwatii wazazi? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Fadhila hizo ni utu, uadilifu, kushika taratibu na adabu, hekima, na uaminifu. Orodha hiyo ilikamilishwa na wanazuoni wa enzi ya Han, ukoo wa kifalme uliotawala China karne kadhaa baada ya Confucius, na ndiyo maana anayeisoma peke yake haoni jinsi fadhila zinavyoshikamana na taratibu anazozitaja msomaji wetu.

Mshikamano huo unaonekana katika mabishano kati ya Confucius na mwanafunzi wake Zai Wo. Desturi ilimtaka mtoto akae matanga ya mzazi wake hadi mwaka wa tatu, na Zai Wo aliona kwamba mwaka mmoja unatosha, kwa kuwa mtu asiyefanya ibada wala kupiga muziki kwa muda wote huo angevisahau vyote viwili. Confucius hakumtajia sheria yoyote. Alimuuliza kama moyo wake ungetulia akila wali na kuvaa hariri ya nakshi, anasa ambazo mfiwa alijinyima, katika kipindi hicho. "Ungetulia," akajibu Zai Wo. "Basi kama unatulia, fanya hivyo," akasema mwalimu. Zai Wo alipotoka, mwalimu aliwaambia waliobaki kwamba mtu huyu amepungukiwa na utu, kwani mtoto hubebwa mikononi mwa wazazi wake miaka mitatu kabla ya kuachwa. Utaratibu, kwake, ni mahali ambapo utu hujifunzwa na kupimwa. Ndiyo maana aliweza kulegeza jambo dogo: kofia ya ibada iliyopaswa kuwa ya kitani ilipoanza kutengenezwa kwa hariri kwa sababu ya unafuu, aliwafuata walio wengi bila kinyongo.

Kuhusu utii, alifundisha kwamba mtoto anaweza kuwaonya wazazi wake kwa upole, na wasiposikia aendelee kuwaheshimu. Nakiri kwamba karne zilizofuata zilikaza upande wa utii kuliko upande wa kuonya, na mwanamke, aliyetakiwa kumtii baba, kisha mume, kisha mwana, ndiye aliyeumia zaidi.

SWALI: Rafiki yangu wa Korea Kusini amenialika kwao siku ya kuwakumbuka mababu. Je, mtu wa dini nyingine anaweza kuhudhuria? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Tambiko hilo huitwa jesa. Meza hupangwa kwa makini: matunda mekundu upande wa mashariki, meupe upande wa magharibi, na nyuma yake picha ya marehemu au karatasi yenye jina lake. Mwenye nyumba humimina kileo, wanafamilia husujudu, kijiko husimikwa katika bakuli la wali, kisha watu hujitenga kidogo ili marehemu "ale". Mwishoni karatasi huchomwa, na chakula huliwa na wote.

Wakristo walibishana juu ya jambo hili muda mrefu. Matteo Ricci, mmisionari wa shirika la Kikatoliki la Wajesuiti nchini China, aliyefariki Beijing mwaka 1610, aliziona heshima hizo kuwa za kijamii tu. Papa alizipiga marufuku kabisa mwaka 1742, na huko Korea mwaka 1791 Mkatoliki Yun Ji-chung aliuawa na serikali kwa kuchoma vibao vya majina ya mababu zake. Vatikani ililegeza msimamo wake mwaka 1939, lakini Waprotestanti wengi wa Korea hufanya ibada ya kumbukumbu badala ya jesa. Waislamu wa China nao waliandika mengi: mwanazuoni Liu Zhi wa Nanjing alieleza Uislamu kwa istilahi za Kikonfusio, ukiwemo uhusiano wa mzazi na mwana, bila kuacha tauhidi.

Kwa hiyo mweleze rafiki yako mapema kwamba utahudhuria lakini hutasujudu, ili mzee wa nyumba asishtukizwe mbele ya wageni. Kuhusu chakula kilichokwisha kutolewa kwa marehemu, ikiwa wewe ni Mwislamu, muulize sheikh wako kabla ya safari.